Maji Yaliyokolea Chumvi

Naomba nikae. Mnisamehe mlioniachia nafasi ya mbele, lakini miguu yangu haipendi kusimama, na habari yenyewe si fupi. Mwenyekiti wa kamati ya maji amekuja kwangu mara nyingi. Kila akija anasema, mama, njoo uongee na akina mama, sisi hawatusikii. Nami namjibu kwamba nimechoka. Habari hii nimeisimulia kanisani, nimeisimulia zahanati, wajukuu wangu wanaijua hadi wananimalizia. Lakini juzi nikasikia mnataka kisima kichimbwe pale chini ya dampo la soko, eti ni karibu. Basi nikavaa viatu nikaja.

Naitwa Anastazia. Nimezaliwa Mabamba, nikaolewa huku Kibondo na Gervasi, Mungu amrehemu. Kabla ya miaka ya sabini tulikaa mlimani, kila mtu kwenye migomba yake. Nilikuwa na nguvu ambazo sasa nikizikumbuka naona kama ninamzungumzia mtu mwingine. Nililima maharage asubuhi, mchana nikateremka kwenye chemchemi, nikapanda na mtungi kichwani bila kuushika. Maji ya chemchemi ile yalikuwa baridi na hayakuwa na ladha yoyote. Hatukuyasifu. Nani anasifu maji yasiyo na ladha?

Ndipo kukaja kuhamishwa. Wazee waliopo hapa wanajua. Tuliambiwa tushuke tukae pamoja kijijini, karibu na mji, tupate shule na zahanati. Nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara. Na kweli tulipata kisima. Kilijengwa kwa saruji, kina mfuniko na ndoo ya kamba, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Mama mkwe wangu, bibi Melania, alikaa ukingoni siku ile ya kwanza akacheka peke yake. Alikuwa amebeba maji kichwani tangu utoto. Alisema, "Shingo yangu imestaafu leo."

Juu ya kisima, kwenye mteremko, kulikuwa na shimo kubwa. Watu wa barabara walichimba changarawe pale, wakaondoka, wakaliacha wazi. Mji ukaanza kulitumia kutupa taka. Taka za soko, mizoga, mabaki ya ngozi kutoka ghalani, majivu, chupa, na mapipa matupu ya dawa ya josho la ng'ombe. Sisi tuliona mikokoteni ikipanda, tukashukuru kwamba uchafu haukai mlangoni petu. Shimo lilikuwa juu na kisima kilikuwa chini, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Baada ya masika mawili hivi maji yakabadilika. Hapo nisikilizeni vizuri. Hayakunuka. Hayakuwa na rangi. Yalikolea chumvi.

Sasa ninyi mnanunua chumvi dukani mnavyotaka. Wakati ule chumvi ilikuwa shida. Duka la kijiji linakaa wiki na wiki bila punje, na ikija mnapanga foleni mnagawiwa kwa kijiko. Na sisi Waha chumvi tunaijua inakotoka. Inatoka ardhini, kwenye maji, huko Uvinza. Babu zetu waliifuata kwa miguu. Kwa hiyo maji yalipokolea, mama mkwe aliyaonja, akayaonja tena. Akasema, "Hii ni kama Uvinza. Tumekalia chumvi." Habari ikaenea. Wanawake wa upande wa pili wa barabara wakaja na masufuria. Tuliyapikia maharage bila kutafuta chumvi dukani, na maharage yakawa matamu kweli, siwadanganyi. Mchungaji alikuja akatoa sala ya shukrani pale kisimani, nasi tukaitikia amina.

Mimi nilikuwa nanyonyesha. Binti yangu Devota alikuwa hajafikisha mwaka. Mama anayenyonyesha kiu yake mnaijua. Na maji ya chumvi hayakati kiu, unakunywa unataka tena. Nadhani nilikunywa kuliko mtu yeyote kijijini.

Ilianza tumboni. Linasokota, halafu linaachia, nakimbia chooni, nikirudi natapika. Tukasema ni minyoo. Nikanywa dawa ya minyoo. Ikapungua, ikarudi. Kisha miguu ikaanza kunichomachoma, kama mtu aliyekalia mguu vibaya, ila haiishi. Baadaye haikuchoma tena. Ikafa ganzi. Nilikanyaga kaa la moto jikoni nikajua kwa kusikia harufu ya ngozi yangu. Viganja vikawa vigumu, vina chunjua ndogondogo, nikimshika mtoto analia kwa kukwaruzwa. Shingoni na kifuani ngozi ikageuka nyeusi, na juu ya weusi ule yakatokea madoa meupe, madogo, kama matone ya mvua kwenye vumbi.

Mnajua watu walisema nini. Ganzi na madoa. Hakuna aliyelitamka jina mbele yangu, lakini nilijua.

Tulikuwa na mavuno kwa jirani mmoja. Wanawake tumezunguka mtungi wa pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake, kama ilivyo kawaida yetu. Nikaingiza wangu. Mirija ikachomolewa. Mmoja alijidai anafunga kanga, mwingine anamwita mtoto. Mrija uliobaki pamoja na wangu ulikuwa wa mama mkwe. Aliendelea kunywa taratibu, macho chini, hadi nilipoinuka mimi kwanza. Nilirudi nyumbani nikalia mpaka maziwa yakagoma kutoka. Kumbukeni mrija ule, nitaurudia.

Pale zahanati mganga alinichoma na sindano ya nguo kwenye kisigino, akaniuliza kama nasikia. Nikasema sisikii. Akasema niende hospitali ya Kasulu, kwenye wodi ya wenye ukoma, na mtoto nimwache. Nikamwuliza, "Nimwache kwa muda gani?" Akasema, "Mama, wewe nenda kwanza." Gervasi alinisindikiza hadi kwenye lori. Hakunishika mkono. Sikumlaumu. Mkono wenyewe hata mimi nilikuwa siutaki. Devota nilimwacha mgongoni kwa bibi yake, ameachishwa ziwa siku ileile, analia mpaka sauti imekatika. Kitu kimoja tu nilikitaka duniani, kurudi kwa yule mtoto.

Kasulu walinipa kitanda karibu na dirisha. Daktari alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuuliza jambo moja mara tatu. Alinichana kidogo ndewe la sikio, akachukua majimaji, akaenda kuyaangalia. Akarudi akasema hajaona mdudu wa ukoma. Akachana tena sehemu nyingine. Hakuna. "Lakini mwili wako unaonyesha vingine," akasema. "Kaa kwanza tukuangalie."

Nikakaa. Na nikaanza kupona. Bila dawa ya maana, maana alikuwa bado hajui anitibu nini. Tumbo likatulia. Nikaanza kula ugali ukakaa. Siku moja Sista aliyekuwa akituhudumia alimwaga maji ya moto bahati mbaya karibu na mguu wangu, nikauvuta. Tukaangaliana. Akasema, "Umesikia?" Nikasema, "Nimesikia, Sista." Nikaanza kuhesabu safari ya kurudi.

Lakini kwetu mgonjwa halali ugenini bila kuletewa cha nyumbani. Ndiyo mapenzi yetu hayo, na hata leo nikienda kumwona mtu hospitali siendi mikono mitupu. Mama mkwe alisikia kwamba nalalamika chakula cha hospitali hakina chumvi. Akapanda lori la maharage, mwanamke mzee yule, akaja amekumbatia dumu la maji. Maji ya kisima chetu. Alisema, "Umekonda kwa sababu unakunywa maji yasiyokujua." Akanipikia maharage kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, nikala huku machozi yananitoka, kwa utamu na kwa kumwona. Akarudi. Tangu hapo kila lori la kutoka Kibondo lilileta dumu. Dereva alikuwa mtu wa kwao. Lilikaa chini ya kitanda changu, nami nilikunywa hayo tu, nikiona kila kikombe kinanisogeza nyumbani.

Tumbo likarudi. Ganzi ikarudi, ikapanda hadi kwenye magoti. Nywele zikaanza kukatika. Hapo nilikata tamaa kabisa, wenzangu. Nilimwambia Sista amwandikie mume wangu aoe mwingine, mtoto apate mama. Sista alikuwa ameinama anafagia uvunguni, ufagio ukagonga dumu. Akauliza, "Hili ni la nini?" Nikamweleza. Akaliinua akatoka nalo, akasahau ufagio.

Daktari alikuja akaketi kitandani kwangu, jambo ambalo wengi hawakulifanya kwenye wodi ile. Akashika vidole vyangu akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hebu tazama kucha zako, mama." Kwenye kila ukucha kulikuwa na mstari mweupe umekatiza, karibu na ncha. Na chini yake, karibu na nyama, mstari mwingine mpya umeanza kuota.

"Huu wa juu ni wa nyumbani," akasema. "Katikati hapa ukucha ni safi, ndio wakati ulipokuwa unakunywa maji yetu. Na huu wa chini umeanza dumu lilipokuja. Ukoma hauji na dumu ukaondoka na dumu. Hii ni sumu. Nadhani ni ile wanayoiweka kwenye dawa za josho. Inaitwa aseniki."

Nilielewa neno moja moja. Akaniuliza, "Nani mwingine anakunywa maji haya?"

Nikasema, "Kijiji kizima." Kisha nikasikia ninachokisema. Nikasema, "Na mtoto wangu. Mlimwachisha ziwa langu, sasa anapikiwa uji kwa hayo."

Daktari hakutaka nitoke. Nilimwambia nitatoka kwa magoti. Akakata kucha zangu akazifunga kwenye karatasi, akajaza chupa kutoka kwenye dumu, akavituma mbali vikapimwe, na siku ileile akaongea na watu wa maji wa wilaya. Mimi nilipanda lori lililoleta dumu.

Nilimkuta Devota ameketi mlangoni. Hakunijua. Tumbo lilikuwa limemtoka mbele, mikono myembamba, na hapa shingoni, chini ya sikio, weusi umeanza. Niliingia ndani nikakuta mtungi umejaa, nikaubeba nikaumwaga uani. Mbele ya mama mkwe. Mnajua kumwaga maji ya mkweo ni tusi gani. Akasema kwa sauti ndogo, "Anastazia, umenifanyia nini?" Nikasema, "Maji haya yana sumu, mama." Akasema, "Nimekubebea mpaka Kasulu." Nikasema, "Najua." Hatukuongea tena siku nyingi.

Nikaanza kwenda chemchemi ya zamani, kule mlimani kwenye migomba iliyoachwa. Naenda alfajiri narudi jua limewaka, na miguu isiyojua inakanyaga nini. Nilianguka, nikavunja mitungi. Gervasi aliniangalia hivyo siku kadhaa, halafu asubuhi moja nikamkuta amekwisha kuchukua dumu ametangulia, mwanamume, dumu kichwani, watu wanamcheka. Hapo nikajua nina mume.

Wanawake walinichukia. Walisema mkoma amerudi kututukania kisima. Mmoja aliniambia usoni, "Wewe ulipelekwa Kasulu kwa ugonjwa wako, usitunyime chumvi." Nilikuwa nimechoka mno hata kugombana. Nilimwambia tu anionyeshe viganja vyake. Akavificha kwenye kanga.

Bwana Maji wa wilaya alikuja na vijana wawili na chuma kirefu cha kutoboa ardhi. Hakuenda kisimani. Alianza huku chini, akatoboa, akachota maji kwenye chupa. Akapanda kidogo akatoboa tena. Akaenda hivyo mstari mmoja mpaka kwenye ukingo wa shimo la taka, halafu akaenda na juu ya shimo, upande ambao taka hazipo. Kijiji kizima kinamfuata. Alipomaliza alizipanga chupa juu ya mfuniko wa kisima, kila moja mahali pake, kama tulivyopanda.

Akatoa kichupa cha dawa, akasema, "Akina mama, dawa hii haionyeshi sumu. Sumu itasemwa na maabara. Hii inaonyesha chumvi tu, tuone inatoka wapi." Akadondosha matone kwenye chupa ya juu ya shimo. Maji yakabaki kama yalivyo. Akadondosha kwenye ile ya ukingoni. Yakageuka meupe, mazito, kama maziwa. Inayofuata, meupe. Inayofuata, meupe. Ya kisima, meupe. Ya chini kabisa yakawa na ukungu tu.

Chumvi yetu haikutoka Uvinza. Ilitoka kwenye mizoga, majivu na ngozi zilizooza. Mvua ilikuwa inaosha shimo lile, changarawe inapitisha, na kisima chetu kinapokea. Na pamoja na chumvi kilikuwa kinapokea yale ya kwenye mapipa ya josho.

Mama mkwe alisogea mbele. Alinyoosha mikono yake miwili, akaigeuza viganja juu, mbele ya watu wote. Vilikuwa vigumu na vimejaa chunjua, vibaya kuliko vyangu. Alikuwa amevificha muda wote ule. Aliniambia, "Mwanangu, nilikuwa nakubebea nini?" Nilimshika mikono ile. Mikwaruzo kwa mikwaruzo. Wanawake wengine wakaanza kutoa yao, mmoja mmoja.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye, yakasema alichosema daktari. Kisima kikafungwa kwa zege. Kusafisha ndiko kulikotumaliza nguvu. Mapipa yalitolewa wanaume wakiwa wamejifunga matambara mikononi na usoni, yakapelekwa kuzikwa mbali, penye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Udongo uliokuwa chini yake nao ukachotwa. Juu ya shimo tukachimba mtaro, ili maji ya mvua yazunguke yasiingie. Shimo lenyewe tukalifunika kwa udongo wa mfinyanzi tuliousomba kwa vikapu kutoka bondeni, tukaushindilia kwa miguu. Mimi nilishindilia pia. Wanawake waliochomoa mirija yao walikuwa pembeni yangu. Hatukuimba. Tulikuwa wagonjwa, tumechoka, na bado maji ya kunywa tunayafuata mlimani. Kisima kipya kilichimbwa upande wa pili wa kilima, mbali, baada ya kupimwa kwanza. Bwana Maji alikuwa akirudi kila mwaka kupima kile cha zamani, na kila mwaka anatikisa kichwa. Ardhi haitakati haraka hivyo. Niliacha kumwuliza.

Devota alipona. Watoto wana bahati, ngozi yake ilirudi. Leo ana wajukuu. Mimi nilipona nusu. Tumbo, nywele, viganja, hivyo vilirudi kwa taratibu. Miguu haikurudi yote. Hata hapa nilipokaa sijui kama nimevaa viatu mpaka nitazame. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule na Sista aliyefagia uvunguni. Nashukuru nusu yangu.

Mnaniuliza nishauri nini. Ni hili. Maji yakiwa matamu ghafla, ogopeni kama mnavyoogopa yakiwa machungu. Waacheni hawa wa kamati watoboe na kupima, kuanzia juu, kabla hamjashusha ndoo. Na msiseme ni karibu. Kisima kile kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Bibi Melania hakupona. Kidonda kilimtoka kisiginoni, kikakataa kufunga, kikamlaza. Siku zake za mwisho alikuwa kwangu. Mchana mmoja aliomba maji, akasema anataka maji ya nyumbani. Nilichukua dumu nikaenda kile kisima cha upande wa pili, kwa miguu hii. Niliporudi nilimmiminia kikombeni, nikaweka mirija miwili, wake na wangu, kwa kuwa hakuweza kuinua kichwa. Tukanywa pamoja. Alikaa nayo mdomoni kwanza, akayaonja kama alivyoonja siku ile.

"Hayana chumvi," akasema.

"Hayana, mama."

Akaurudisha mrija mdomoni, akayamaliza.